Usibomoe kwanza: mwongozo kamili wa kugeuza godauni au jengo kuukuu Mwanza liwe fremu za biashara, ofisi au karakana

Naandika hii kwa kirefu maana swali linarudi vilevile kila mvua zikianza. Mtu kapata godauni la mawe Igogo, au jengo la zamani la mjini kati lenye duka chini na makazi juu, kaingia na mafundi, tailizi zikawekwa, silingibodi ikapigwa, rangi nyeupe safi kabisa, alafu masika yakaingia, ripu (plasta ya ukuta) ikaanza kuvimba kama andazi, wapangaji wakahama mmoja mmoja, na sasa anauliza "wakuu, nibomoe tu nianze upya?"

Mara nyingi jibu ni hapana. Jengo halina shida, ila kazi ilianzia mwisho. Na kuna kosa la pili ambalo ndo linakula hela zaidi: matumizi yaliamuliwa kabla mtu hajalijua jengo lenyewe. Ameshasema moyoni hapa naweka hosteli, basi jengo linalazimishwa liwe hosteli hata kama halina pa kupumulia wala pa kuweka vyoo. Hapa tunaenda kinyume, tunalisoma jengo kwanza, alafu ndo tunaliuliza linaweza kazi gani.

## Hesabu ya kubomoa, ili tusibishane

Chukua godauni la mita 10 kwa 20, kuta zimepanda mita 4. Mzunguko ni mita 60, kwaiyo una mita za mraba 240 za ukuta. Ukijenga upya kwa tofali za saruji za inchi 6 unahitaji tofali kama 2,200. Mfuko mmoja ukitoa tofali 30, hiyo ni mifuko zaidi ya 70 kwa tofali peke yake, bado hujagusa msingi, mkanda wa zege juu ya kuta, jamvi (zege la sakafu), udongo wa kujengea (mchanganyiko unaoshikanisha tofali au mawe) na ripu.

Na ule ukuta wa mawe unaoushusha, kama una unene wa sentimita 40, ni mita za ujazo 96 za mawe, yakishavurugika yanaongezeka ukubwa, tipa itapiga tripu zaidi ya 20. Unampelekea nani? Mji wetu ni wa miteremko, kifusi kikimwagwa hovyo mvua inakishusha mtaroni, mtaro unakipeleka Mto Mirongo, mto unakipeleka ziwani. Saruji nayo ina deni lake, utengenezaji wake duniani unatoa karibu asilimia 8 ya hewa ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Ukuta uliosimama tayari hilo deni ulishalipa.

Sisemi kila jengo libaki. Yapo ya kushusha, tutayaona hatua ya 4.

## Vitu vya kuandaa

Vya mkononi:

- tepu ya mita 30 na ya mita 5, timazi, pima maji, kamba
- nyundo, bisibisi refu, tochi kali, ngazi isiyocheza
- vipande vitatu vya nailoni nene, mita moja kwa mita moja, na selotepu pana
- jipsam kilo mbili hivi na penseli
- daftari la viboksi na simu yenye kamera
- helmeti, buti, glavu, na barakoa ya kuzuia vumbi la kweli, sio ile ya kitambaa

Watu: mhandisi wa majengo aliyesajiliwa na ERB (bodi ya wahandisi), mbunifu majengo aliyesajiliwa na AQRB (bodi ya wabunifu majengo), fundi umeme mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya nishati na maji), na fundi mwashi anayejua mawe na chokaa. Huyu wa mwisho ni adimu, wengi wa siku hizi wanajua tofali tu, ukimpata mzee wa kazi hizo mtunze.

Hela: tenga fungu la dharura. Jengo la zamani lazima likufiche kitu, na mtu aliyepiga hesabu mpaka shilingi ya mwisho ndo anaishia na godauni lisilo na paa mwezi wa nne.

## Hatua ya 1: Jua mwenye jengo ni nani hasa

Hii nipite haraka ila usiiruke. Kama unanunua, hati ikaguliwe ofisi ya ardhi, sio kuangalia kopi kwenye simu ya dalali. Kama unapanga, mkataba uwe wa maandishi na wa miaka ya kutosha kurudisha hela yako, useme wazi maboresho ni ya nani mkiachana, na kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango isisahaulike maana huwa inazua ugomvi baadae.

Magodauni mengi Kanda ya Ziwa yalitokana na enzi za pamba, yako chini ya vyama vya ushirika. Hapo sahihi ya meneja mmoja haikutoshi. Omba uone uamuzi wa bodi kwa maandishi, na ulizia Tume ya Maendeleo ya Ushirika kabla hujatoa hata shilingi.

Kama jengo liko ufukweni, pima umbali mpaka majini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka kwenye ufukwe wa ziwa, na jengo lililokuwepo hapo miaka yote halikupi ruhusa ya kuongeza kitu. Waone NEMC (baraza la mazingira) ofisi ya kanda mapema.

## Hatua ya 2: Lione likinyeshewa

Kama kuna hatua moja ninayoiamini kuliko zote ni hii, na ndo watu wanaikimbia. Jengo linaonyeshwa kwa wateja mwezi wa saba, jua limewaka, kuta zimekauka, kila kitu kinapendeza. Mwanza tunapata vuli kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa kumi na mbili na masika mwezi wa tatu mpaka wa tano, panga ukaguzi wako uangukie humo. Mvua za ziwani zinapenda kushuka usiku wa manane na alfajiri, kwaiyo zungumza na mlinzi uingie asubuhi kabla maji hayajakauka, au ukiweza uwepo yenyewe ikishuka.

Angalia vitu vinne.

Paa. Zima taa, simama katikati mchana, tazama juu. Kila nukta ya mwanga ni tundu. Weka alama sakafuni chini yake kwa penseli au chokaa.

Maji ya mlimani. Hapa Mwanza maji hayatoki juu tu, yanatoka nyuma. Jengo lililochimbiwa kwenye mteremko, ukuta wake wa upande wa mlima unasukumwa na udongo uliolowa. Zunguka nyuma uone maji yanasimama wapi. Ukikuta udongo umepanda juu kuliko sakafu ya ndani, hapo ndo chanzo cha ripu kuvimba, na rangi ya aina yoyote ile haiwezi kukusaidia.

Alama za mafuriko. Karibu na Mto Mirongo na kwenye mabonde, tafuta mstari wa matope ukutani, kwenye miguu ya milango, kwenye boksi la mita. Ufukweni waulize majirani maji yalifika wapi 2020, maana mwaka ule ziwa lilipanda kuliko hata ile 1964 wazee wanayoisimulia. Chora hiyo alama ukutani. Soketi, mashine na stoo vyote vitakaa juu yake.

Unyevu wa chini. Bandika vile vipande vya nailoni sakafuni sehemu tatu, ziba kingo zote kwa selotepu, viache siku moja na nusu. Ukifunua ukakuta matone chini ya nailoni au sakafu imekuwa nyeusi, unyevu unapanda kutoka ardhini. Matone yakiwa juu ya nailoni, hiyo ni hewa ya ndani tu, dawa yake ni madirisha.

Kuna kitu kinawachanganya wengi. Maji ya ziwa letu ni baridi, hayana chumvi, kwaiyo nondo zetu haziliwi kwa kasi ile ya Tanga au Dar. Lakini unaingia godauni unakuta ukuta umetoa unga mweupe wa chumvi. Imetoka wapi? Uliza lilihifadhi nini. Magunia ya chumvi, mbolea, dagaa waliokaushwa kwa chumvi, vyote vinaachia chumvi sakafuni, inanywewa na ukuta, na kila ukuta ukilowa na kukauka inatoka nje ikisukuma ripu. Kuipaka rangi juu ni kutupa hela.

Na kama palihifadhiwa dawa za pamba, simama hapo hapo. Viuatilifu vya zamani vinakaa kwenye sakafu na udongo miaka mingi. Jiko, shule, mgahawa, vyumba vya kulala, vyote futa mpaka udongo na sakafu vipimwe maabara.

Umefanikiwa hatua hii ukiwa na mchoro hata wa mkono, unaoonyesha kila maji yanapoingia na yanakotoka.

## Hatua ya 3: Pima, chora, piga picha

Majengo ya zamani hayana kona za nyuzi 90, usipime kuta nne ukaondoka. Pima na mishazari yote miwili ya kila chumba. Chukua unene wa ukuta kwenye kila dirisha. Chukua kimo kutoka sakafu mpaka chini ya kenchi (mbao zinazobeba paa), pembeni na katikati.

Andika kila ukuta umejengwa na nini: mawe na chokaa, mawe na tope, tofali za kuchoma, tofali za saruji. Kama hujui, toboa tundu dogo sehemu isiyoonekana. Udongo wa kujengea ukikwaruzika kwa kucha na kuwa unga mweupe ni chokaa, ukiwa mwekundu unaomeng'enyeka ni tope, ukikataa kabisa ni saruji. Hiki kipimo cha kucha kitaamua ripu yako hatua ya 8, usikidharau.

## Hatua ya 4: Mifupa ya jengo

Nyufa. Ufa mwembamba kama uzi kwenye ripu, achana nao. Ufa unaoingiza ncha ya penseli, unaopanda kwa mshazari kutoka kona ya dirisha, au ulio mpana juu kuliko chini, huo unakwambia msingi umekaa vibaya. Swali la maana ni kama bado unatembea. Koroga jipsam, bandika kipande kinachovuka ufa, andika tarehe juu yake. Kikipita msimu wa mvua bila kukatika, jengo limeshatulia na ufa unazibika. Kikikatika, mwite mhandisi, usizibe kitu. Sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya mwamba, raha, ila mabondeni kuna udongo unaovimba na kusinyaa, na jengo lenye mguu mmoja juu ya jiwe na mwingine kwenye tope lazima lipasuke katikati.

Zege. Gonga nguzo, mihimili na slabu ya juu kwa nyundo, polepole, sentimita 30 kwa 30. Mlio mkavu ni mzuri. Mlio mtupu kama kuna hewa ndani ujue nondo imeota kutu na zege limeachia. Sehemu moja mbili zinatibika, ila slabu nzima ikilia hivyo chini ya watu, hapo mhandisi ndo mwenye kauli.

Mbao. Choma kenchi na bisibisi pale zinapokalia ukuta, ndo mchwa na maji wanapoanzia. Bisibisi ikizama, mbao imekwisha. Mninga na mvule wa zamani mara nyingi unakuta ncha tu imeoza na futi zote zilizobaki ni ngumu kama chuma, unakata ncha, unaunga kipande kipya kwa bolti, maisha yanaendelea. Usikubali fundi akwambie "tutoe zote boss", hizo mbao zake anajua anazipeleka wapi.

Bati. Bati la zamani la geji 24 lina unene kama mara mbili ya geji 30 linalouzwa sana sasa hivi. Likiwa na kutu ya juu tu, linasuguliwa, linapigwa praima na rangi, linadumu kuliko jipya jepesi.

Tahadhari kubwa: asbesto. Paa la kijivu, mawimbi mapana, nene kama milimita 6, ukiligonga halilii kama bati, linaweza kuwa asbesto. Usilikate, usilitoboe, usilisugue, usipande juu yake maana linapasuka na kukuangusha. Nyuzi zake zikiingia mapafuni hazitoki, na saratani yake inakuja miaka mingi baadae. Linatolewa likiwa limelowanishwa, shiti nzima nzima, linafungwa kwa nailoni, na utaratibu wa kulitupa unaulizia NEMC. Kuwapa vijana wa mtaani waligonge kwa nyundo ni dhambi, nasema waziwazi.

Lini ubomoe? Mhandisi akikuta msingi unaendelea kutembea na hakuna namna ya kuushika, slabu imeoza sehemu kubwa, au jengo liko kwenye njia ya maji ambayo huwezi kuihamisha. Sababu ya "limepitwa na wakati" haimo.

## Hatua ya 5: Sasa chagua matumizi

Uzito kwanza. Sakafu ya ghorofa iliyojengwa kwa makazi imekusudiwa kubeba kama kilo 150 mpaka 200 kwa mita ya mraba, ofisi ni kama 250, stoo ni zaidi sana. Kwaiyo kutoka kwenye kazi nzito kwenda nyepesi ni salama, kutoka nyepesi kwenda nzito ni kutafuta kesi. Kuchukua vyumba vya juu vya nyumba ya zamani ukavijaza magunia ya mchele, hapana. Na lile tenki la lita 5,000 unalotaka kulipandisha juu ya slabu ni tani tano, lishushe chini, weka dogo juu na pampu.

Kina cha jengo nacho kinaongea. Mwanga wa dirisha unaingia kama mara mbili ya kimo cha dirisha, baada ya hapo ni giza. Godauni la upana wa mita 10 lenye madirisha pande zote linatoa ofisi nzuri. La mita 25 lenye mlango mmoja mbele, katikati yake ni stoo, karakana yenye mwanga wa juu, au sehemu ya kupaki, usiwaweke watu kulala humo.

Maoni yangu: kwa magodauni ya barabarani Mwanza, fremu mbele na karakana nyuma ndo mchanganyiko unaokubali jengo vizuri, fundi seremala, mshona viti, wa aluminiamu. Wanahitaji kimo, wanahitaji mlango mpana, hawahitaji silingi. Vyumba vya kulala vinahitaji dirisha kila chumba, choo, na utulivu, yani vitu vyote godauni halina.

Umefanikiwa ukiona mchoro wako mpya unavunja kuta chache sana. Ukijikuta unafuta nusu ya kuta, umechagua matumizi yasiyo ya jengo hilo, rudi nyuma.

## Hatua ya 6: Kibali

Ukarabati wa kubadilisha kuta unahitaji kibali cha ujenzi, na kutoka stoo kwenda biashara au makazi kuna mabadiliko ya matumizi chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Kama uko Nyamagana unaenda Jiji, kama uko Ilemela unaenda Manispaa ya Ilemela, wapo watu wamezungushwa mwezi mzima kwa kupeleka faili halmashauri isiyo yao. Nenda na michoro ya hali ilivyo sasa na ya unavyotaka iwe, ripoti ya mhandisi, na nyaraka za umiliki. Zimamoto waone kwenye michoro, sio baada ya kumaliza. Kama itakuwa sehemu ya kazi, OSHA (wakala wa usalama kazini) nao wamo.

Ukianza bila kibali alama ya X nyekundu ukutani haichelewi.

## Hatua ya 7: Vua jengo, usilivunje

Kuvua ni kazi ya mikono na mpangilio, kutoka juu kwenda chini, kutoka ndani kwenda nje. Kabla ya yote umeme ukatwe na TANESCO kwenye nguzo, sio kuzima breka. Maji yafungwe.

Tenga mafungu matano uwanjani: mbao nzima, mbao za kuungia au kufungia fomu, bati, vyuma, na mawe na tofali. Misumari itolewe siku hiyo hiyo, vinginevyo buti zitatobolewa. Milango ya mvule na fremu zake isitoke nje ya geti, ikikwanguliwa inashinda yoyote utakayonunua leo.

Kifusi kisafi cha zege na mawe ponda kiwe kifusi cha chini ya jamvi au njia ya kupita magari. Ripu yenye chumvi na chochote chenye rangi ya zamani inayobanduka kiweke pembeni, usikichanganye. Mwagia maji kabla ya kufagia, vumbi la mawe yetu lina silika na linaharibu mapafu polepole bila mtu kujua.

Onyo: usitoe kuta mbili zinazotazamana kwa wakati mmoja, na usitoe kenchi zote alafu ukaziacha kuta ndefu zimesimama peke yake. Upepo wa dhoruba ya ziwani unaziangusha.

## Hatua ya 8: Maji kwanza, uzuri baadae

Hapa ndo kazi iliyoharibika kwa wengi inapookolewa, fuata mpangilio bila kubadilisha.

Nje upande wa mlima. Chimba udongo ushuke angalau sentimita 15 chini ya sakafu ya ndani. Weka mtaro wenye kokoto na bomba la matundu chini yake, uteremke kwenda mtaro wa barabara. Usichimbe mfululizo mguuni mwa ukuta, chimba vipande vya mita moja na nusu, ruka, rudi, la sivyo utaunyima msingi mshiko wake.

Paa na gata. Badilisha bati bovu, ziba matundu, weka gata. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Godauni letu la mita za mraba 200 likipata mvua ya milimita 30 ni lita 6,000, ukitoa upotevu unabaki na karibu 5,000. Tenki limejaa kwa usiku mmoja. Mvua ya mwanzo iachie ipite maana inabeba vumbi na mavi ya ndege. Kama paa ni asbesto hayo maji usiyavune.

Acha likauke. Ndio, ukae bila kufanya kitu ukutani. Bandua ripu iliyovimba mpaka nusu mita juu ya alama ya unyevu, fungua milango, subiri wiki kadhaa, fagia chumvi ikitoka, usiioshe kwa maji. Hapa mwenye jengo huwa anapiga simu kila siku, mvumilie.

Ripu inayopumua. Ukuta wa chokaa au tope ukiupiga ripu ya saruji tupu unaufungia maji ndani, yanapanda juu zaidi na kutokea mahali pengine. Tumia saruji 1, chokaa 1, mchanga 6, na kwa ukuta laini zaidi 1 kwa 2 kwa 9. Rangi iwe ya chokaa au ya maji, mafuta hapana kwa kuta hizo. Ukuta wa tofali za saruji hauna masharti haya.

Sakafu. Kama mtihani wa nailoni ulionyesha unyevu, kifusi kishindiliwe, nailoni nene itandazwe ikipanda pembeni, ndo jamvi jipya. Tailizi juu ya jamvi la zamani lenye unyevu zitanyanyuka.

Umefanikiwa pale mvua kubwa itakapopita na asubuhi ukuta wa nyuma ukawa mkavu ukiugusa kwa kiganja, kabla hujanunua hata kopo moja la rangi.

## Hatua ya 9: Hewa, mwanga na joto

Mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu, usiku unageuka. Ukipata tundu upande wa ziwa na jingine upande wa pili, juu kidogo, jengo linajipoza bila kiyoyozi. Weka nyavu, sio mbu tu, wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi wakiona taa utawafagia kwa ndoo.

Sisi tuko jirani na ikweta, kwaiyo kuta za mashariki na magharibi ndo zinazopigwa na jua la pembeni. Dirisha jipya liweke kaskazini au kusini ukiweza, za magharibi zipe kibaraza. Bati lipakwe rangi nyeupe, na shiti chache za kupitisha mwanga katikati zitakuokolea taa za mchana.

Kukata dirisha kwenye ukuta wa mawe: weka nguzo za muda kwanza, ingiza linta (boriti ya juu ya dirisha) ikalie ukuta angalau sentimita 20 kila upande, iache ikomae, ndo utoe mawe chini yake. Usikate chini ya mita moja kutoka kona. Grenda na maji, sio nyundo kubwa, kutikisa ukuta wa tope ni kuuamsha.

## Hatua ya 10: Umeme, choo na moto

Waya za zamani zitoke zote, hata zile "bado nzima mkuu". Waya za taa milimita za mraba 1.5, za soketi 2.5, mashine za karakana fundi azipigie hesabu na mapema uombe fezi tatu. Kila fremu iwe na mita yake, utaepuka ugomvi wa LUKU. Ethi rodi (chuma cha kupeleka umeme ardhini) ipimwe, kwenye mwamba wa Mwanza kuchimbia chuma futi nne na kuondoka hakutoshi, na radi za ziwa hili sio za mzaha.

Vyoo vikae pamoja upande mmoja, karibu na njia ya majitaka. Ulizia MWAUWASA (mamlaka ya maji ya Mwanza) kama mtandao wao unapita hapo. Kama ni septiki, kumbuka karibu na ziwa maji ya ardhini yako juu na shimo la kunywea majitaka linaweza kujaa lenyewe kwa maji ya chini, na juu kwenye mwamba halinywi kabisa. Amua hili kabla ya kujenga, sio baada ya harufu.

Moto: godauni karibu zote zina mlango mmoja. Ongeza wa pili upande wa mbali, ufunguke kwenda nje, usiwekwe kufuli wakati watu wamo. Geti la kusukuma pembeni halihesabiki. Karakana ya mbao au ya kuchomelea itenganishwe na fremu kwa ukuta wa tofali unaofika mpaka kwenye bati, ukiishia usawa wa silingi moto unaruka juu kwa juu.

## Hatua ya 11: Maliza kwa vipande, pangisha kwa vipande

Huhitaji kumaliza lote ndo uanze kuingiza hela. Maji, mifupa, umeme mkuu na njia za kutokea zikiwa tayari kwa jengo zima, fungua fremu mbili za mbele, kodi yake imalizie nyuma. Sakafu ya zege iliyosuguliwa vizuri inatosha, tailizi aweke mpangaji akitaka.

Kwenye mkataba wa kila mpangaji andika vitu vinne: haruhusiwi kutoboa ukuta mkubwa, kuongeza tenki juu, kuziba matundu ya hewa, wala kurundika mzigo kwenye mlango wa dharura. Mbandikie na mchoro wa kuta zisizoguswa ndani ya fremu yake, nyuma ya mlango.

Gata zisafishwe mwezi wa tisa na mwezi wa pili, kabla ya vuli na kabla ya masika. Mtaro wa nyuma nao upitiwe siku hiyo hiyo. Vile vipande vya jipsam viache ukutani, kila masika yakiisha pita na tochi uviangalie, na kimoja kikikatika mpigie mhandisi kabla hujampigia fundi rangi.